Nyama ya Kuokota

Martine alirudi kutoka shambani kabla ya saa mbili asubuhi, sufuria aliyokuwa akiigonga kuwatisha tumbili bado iko mkononi. Hakuketi. Alisimama mlangoni akamtazama mume wake, Georges, ambaye alikuwa anapiga pasi shati lake la ofisini kama kila asubuhi, ingawa ofisini hakukuwa na kazi na mshahara wa mwisho ulikuwa wa Septemba. Sasa ilikuwa Februari, mwaka wa tisini na tano.

“Minye habaniogopake, Papa Joëlle,” alisema. “Banaikala tu pale, bananiangalia. Nikitupa jiwe banasogea kidogo, banarudia. Bakiona mwanaume njo banakimbia.”

“Mpeleke Joëlle,” Georges alisema, akimaanisha binti yao.

“Joëlle ni mwanamke pia. Bakima banajua.”

Georges aligeuza kola ya shati akaipiga pasi upande wa pili. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mahudhurio kiwandani. Alikaa nyuma ya dirisha dogo na kuandika nani ameingia saa ngapi. Wafanyakazi walimwita Monsieur Georges, na hakuna aliyempita bila kumsalimu. Sasa mke wake alikuwa anamwambia kwamba kazi iliyobaki mjini Likasi ambayo ni yeye tu anaiweza ni kutisha tumbili.

“Mahindi ikiisha,” Martine alisema, “tutakula hiyo shati.”

Georges alikwenda.

*

Shamba lilikuwa kwenye mteremko, kati ya nyumba za mwisho za cité, mtaa wa wafanyakazi, na kilima, juu kidogo ya reli. Kila mtu alikuwa amelima mahali alipopata. Hata bustani ya maua ya klabu ya mainjinia ilikuwa imepandwa muhogo. Tumbili walishuka kutoka kilimani asubuhi, wakapumzika wakati wa jua kali, wakarudi alasiri, kama watu wa zamu. Hawakula hindi zima. Walimenya, wakauma mara mbili, wakatupa, wakachuma jingine.

Walipomwona Georges walirudi nyuma hadi kwenye mawe. Dume mkubwa alibaki amekaa juu ya nguzo ya zamani ya umeme, nguzo ambayo nyaya zake zilikuwa zimeibwa, akamtazama. Georges aligonga sufuria. Aliona haya kwa ile sauti, akagonga polepole, kisha akaona kwamba polepole haisaidii, akagonga kwa nguvu.

Kwenye njia ya reli alipita Hénoc akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makaa. Zamani Hénoc alikuwa planto, akibeba mafaili kutoka ofisi hii hadi ile, na Georges ndiye aliyemtuma.

“Bonjour, chef.”

“Bonjour, Hénoc.”

Hénoc aliegemeza baiskeli kwenye mti wake wa kusukumia, akafuta jasho. Aliitazama sufuria, kisha akatazama pembeni ili asionekane anaitazama.

“Pori imekwisha, chef,” alisema. “Siye tunakata miti paka mbali, ngambo ya pili ya kilima. Bakima bataenda wapi? Banakuya kula na siye.”

“Unasema kama weye hauko kati.”

“Niko kati, chef. Niko paka ndani. Nina batoto bane.”

Aliinamia usukani tena, akaenda zake. Georges alibaki na sufuria. Aligundua kwamba alikuwa akijaribu kuificha nyuma ya mguu muda wote wa mazungumzo.

*

Alhamisi habari ilipita cité nzima kwamba ofisini wanagawa unga, na kila mfanyakazi aje kutia sahihi mwenyewe. Georges alivaa shati lake. Martine alikuwa sokoni na sombe yake, majani ya muhogo, Joëlle shuleni. Georges alifikiri atakuwa amerudi ndani ya saa moja. Alisimama kwenye mstari hadi saa saba mchana. Kisha karani kijana akatoka, akasema orodha haijakamilika, warudi wiki ijayo, na watu wakatawanyika.

Alipofika shambani alimkuta Martine amepiga magoti kati ya mabua yaliyovunjika. Alikuwa anaokota mahindi yaliyoumwa na kuyaweka kwenye beseni.

“Mistari mine,” alisema. “Ulikuwa wapi?”

“Walituita kwa unga.”

“Iko wapi unga?”

Georges alipiga magoti, akaokota naye. Jioni ile walikula yale mahindi. Martine alikata kwa kisu sehemu zenye alama za meno, akachemsha zilizobaki. Joëlle, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na hakujua bado kunyamaza, aliligeuza hindi lake mkononi.

“Kwa hiyo tunakula mabaki ya bakima,” alisema.

Hakuna aliyemkemea. Georges aliweka hindi lake sahanini, akavaa viatu, akaenda kwa rafiki yake Germain, aliyewahi kuwa mtunza stoo kwenye shamba la ng’ombe nje ya mji. Germain alikuwa na kopo la unga wa kijivu chini ya kitanda. Alimtilia kidogo kwenye karatasi ya daftari, akaikunja mara nne.

“Iko ya mapanya,” alisema. “Lakini inaua hata mbwa. Jina langu usiitaje, Georges.”

*

Jumapili, kulipokucha, Georges alipanda peke yake hadi ukingo wa juu wa shamba. Mahindi ya kuumwa, yale aliyoyaficha kutoka kwenye beseni, aliyapaka ule unga, akayapanga juu ya mawe ambapo tumbili walizoea kukaa. Mikono aliiosha mara tatu kwenye mtaro. Kwa mke wake alisema alikuwa amekwenda kutazama kama mvua imebomoa matuta. Kisha wote watatu wakaenda misa.

Baada ya misa hakusubiri salamu za mlangoni. Alipofika kwenye mawe, mahindi yalikuwa yameliwa. Nyasi zilikuwa zimelala mahali pawili, kama mtu amegaagaa hapo, na povu lilikuwa limekauka juu ya majani. Tumbili mdogo alikuwa amekaa kwenye mojawapo ya mahali hapo pawili, akivuta nyasi, akiziachia, akizivuta tena. Kundi lilikuwa mbali juu, na halikupiga kelele.

Miili haikuwepo.

Georges alizunguka mawe. Alitafuta vichakani. Kisha aliona alama za kandambili kwenye udongo mbichi, na kando yake alama za mguu mdogo usio na kiatu, zikishuka kuelekea relini, na vipande vya kuni vimedondoka njiani. Mtu alikuwa amepita hapo na kuona nyama. Mwaka ule, mjini ule, nani angeiacha?

Aliteremka mbio. Relini alimkuta Hénoc anarudi na baiskeli tupu.

“Hénoc, umeona muntu na kima?”

“Niliona mama moja na fungu ya kuni,” Hénoc alisema. “Mukila ya kima ilikuwa natoka chini ya kuni. Alishuka kwa parking ya taxi-bus, kule banapakia bantu ba Kambove. Juu ya nini, chef?”

Georges alikuwa ameshaanza kukimbia. Alikwenda nyumbani, akamwita Martine nje, nyuma ya jiko, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Martine alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mke wake alivua viatu vya kanisani, kimoja, kisha kingine, akampa Joëlle, akavaa kandambili.

“Twende,” alisema.

“Tukisema, bataniua. Unajua vile bantu beko sasa.”

“Na kama hatuseme?”

“Labda bataona nyama iko mubaya, batatupa.”

Martine alimwangalia kama anamwona mara ya kwanza. “Mara ya mwisho uliona nani anatupa nyama?” aliuliza, na tayari alikuwa njiani.

*

Nganda ya Colette, baa ya kando ya njia, ilikuwa mabati manne na benchi tatu, karibu na mahali madereva walipongoja abiria. Tumbili alikuwa amelala juu ya meza, manyoya yameshaunguzwa, ngozi nyeusi imekakamaa, bado hajapasuliwa. Wanaume sita walikuwa wanakunywa na kungoja. Colette, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa ananoa kisu.

Georges alimsogelea akasema kwa sauti ndogo, “Mama Colette, ile nyama usiipike.”

“Nini?”

“Usiipike. Haiko muzuri.”

“Nimekwisha kuinunua. Kama na weye unataka, ikala kwa benchi kama benzako.”

Mmoja wa wanaume akacheka. “Anataka ya bule.”

Georges alimtazama Martine. Martine alitazama mbele, wala hakumsaidia.

“Iko na sumu,” Georges alisema, na safari hii wote walisikia. “Njo minye niliweka. Kwa mashamba yangu. Juu ya kuua bakima.”

Mwanaume wa pembeni, mwenye kovu la kuungua mkononi kama watu wa tanuri, aliinuka taratibu.

“Huyu ni Monsieur Georges wa mahudhurio,” aliwaambia wengine. Kisha akamgeukia. “Ulikuwa unatukata mshahara wa siku muzima juu ya dakika tatu. Unakumbuka? Mvua ilikuwa nanyesha, bisi ilikuwa nachelewa, weye kwa dirisha lako: dakika tatu. Leo umekuya kutumaliza kabisa.”

“Nimekuya kuwaambia musikule.”

“Asante, chef,” mwanaume alisema, na neno lile la mwisho lilimgonga Georges kuliko ngumi.

Colette aliweka kisu chini. Alichukua gunia tupu la unga, akamtia tumbili ndani, akalisukuma gunia kifuani kwa Georges hadi akalazimika kulikumbatia. Meza aliimwagia maji, akaimwagia tena.

“Mwenye kuniuzia ni Mama Eugénie wa nyumba za mwisho,” alisema. “Na alikuwa na bakima babili. Ingine alibaki nayo juu ya mujukuu wake.”

*

Walipita katikati ya cité mchana, saa ambayo watu wote wako nje, Georges na gunia lake, mkia ukitokeza. Watoto walifuata. Alitaka kulitupa mtaroni, lakini Martine alisema mtu mwingine ataliokota, na ilikuwa kweli. Walilifukia nyuma ya jengo la zamani la umeme, kwa jembe la kuazima, haraka, huku mwenye jembe akiuliza wanafukia nini na wao hawajibu.

Mama Eugénie aliishi chumba cha mwisho cha safu ya mwisho. Marehemu mumewe alitoka Kasai kijana, akaandikwa kazi kiwandani, akafia huko. Miaka miwili iliyopita, watu wa Kasai walipofukuzwa mjini, binti yake na mkwe wake walipanda treni pamoja na maelfu ya wengine. Mtoto wao Mimi alikuwa na surua siku ile, akabaki na bibi. Eugénie alisema hana mtu anayemjua huko Kasai, na akabaki pia, kimya, akiongea na watu wachache.

Chungu kilikuwa motoni nje ya mlango. Harufu yake ilikuwa imejaza uwanja, na majirani wawili walikuwa wamekuja kuketi karibu bila sababu.

Martine ndiye aliyesema. Alipiga magoti kidogo, akasalimu, akasema moja kwa moja: nyama ile ni ya sumu, mume wangu aliiweka, tafadhali mama, tunakuomba uimwage.

Eugénie aliendelea kukoroga.

“Ilianguka kwa shamba lenu,” alisema, “sasa munataka kuirudisha kwenu.”

“Apana, mama. Imwage mwenyewe. Siye hatuigusi.”

“Ile shamba nani aliilima mbele?”

Georges aliinamisha kichwa. Kila mtu pale alijua. Mteremko ule ulikuwa wa mkwe wa Eugénie. Mwaka mmoja baada ya treni kuondoka, majani yakiwa yameota, Georges alichukua jembe na kuanza upande wa chini, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza alipanda hadi juu.

“Mulitwaa manyumba,” Eugénie alisema, bila kupandisha sauti. “Mulitwaa mashamba. Minye nikanyamaza. Leo nimepata nyama mara moja, munakuya kutwaa hata chungu.”

“Mama,” Martine alisema, “kuna muntu amekwisha kula?”

Mwiko ulisimama. Eugénie aligeuka kuelekea ukutani. Pale Mimi, mtoto wa miaka saba, alikuwa ameketi ameegemea matofali, magoti kifuani. Asubuhi alikuwa amembebea bibi yake kuni, na kwa kazi hiyo bibi alimchomea ini juu ya makaa, kipande chake peke yake. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso, na mate yalikuwa yanamtoka.

“Tumbo,” mtoto alisema.

Eugénie alishika chungu kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akakimwaga chote majivuni.

*

Hénoc ndiye aliyewapeleka, maana udadisi ulikuwa umemleta kwenye umati uliokuwa umejaa uwanjani. Walimweka Mimi juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, Georges akamshika mgongoni, Hénoc akasukuma. Njia ya hospitali inapanda, na mtoto alitapika mara mbili juu ya lile shati lililopigwa pasi. Martine alikuwa amemshika Eugénie mkono wake ulioungua. Eugénie aliutoa, akatembea peke yake.

“Sumu gani?” muuguzi aliuliza.

“Ya mapanya,” Georges alisema.

“Ziko nyingi. Jina.”

Hakulijua. Alikimbia hadi kwa Germain. Germain alifunga mlango nusu, akasema hana kopo lolote, hajawahi kuwa nalo, na Georges ana mtoto pia, aelewe. Georges hakubishana. Alipita chini ya mkono wake, akaingia hadi chumba cha kulala, akapiga magoti mbele ya mke wa mtu, akavuta kopo kutoka chini ya kitanda. Urafiki wa miaka ishirini uliishia pale sakafuni.

Nusu ya karatasi ya kopo ilikuwa imeliwa na kutu, lakini muuguzi alisoma herufi zilizobaki, akamwita daktari. Stoo ya dawa ilikuwa tupu. Kila familia ilijitafutia dawa yenyewe. Martine alitoka getini akiwa amevaa kitenge chake kizuri cha kanisani, cha wax ya Uholanzi, akarudi amejifunga kipande cha kuazima kiunoni na chupa mbili za serum, maji ya dripu, mikononi.

Jumatatu asubuhi Mimi aliomba maji. Jumanne aliomba bukari, ugali wa mahindi.

Eugénie alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, mikono yake imepakwa dawa ya kuungua. Sasa alimwangalia Martine.

“Shamba,” alisema.

“Tutakupa nusu, mama,” Martine alijibu.

Georges aligeuka. Hawakuwa wamelizungumza. Nusu ya shamba ilikuwa ndiyo chakula cha Machi, Aprili na Mei.

“Nusu ya chini,” Eugénie alisema. “Ile ya juu bakima banakula.”

“Ya chini,” Martine alikubali.

*

Habari ilikuwa imeshaenea. Sokoni hakuna aliyetaka mahindi ya mteremko, si ya Georges tu bali ya kila mtu aliyelima upande ule, na majirani walioharibiwa biashara walipita mbele ya nyumba yake bila kutazama. Joëlle alirudi kutoka shule akasema wamempa jina, lakini hakulitaja. Usiku mvua ilinyesha sana. Georges alilala macho wazi akiisikiliza inavyoosha yale mawe, na maji yake yanavyoshuka kuelekea chini.

Alhamisi Eugénie alipanda shambani na Mimi na kikapu. Majirani kadhaa walimfuata kwa nyuma. Georges, Martine na Joëlle walikuwa wanawangoja. Eugénie alitembea kwenye mistari ya chini, akichagua polepole, akavunja hindi moja, akalimenya. Alilitazama huku na huku. Kisha alilinyoosha kwa Georges.

“Kula.”

“Mama, hapa chini sikuweka kitu. Niliweka juu kabisa, kwa mawe.”

“Nimesikia. Kula.”

Alilichukua. Lilikuwa bichi na lenye maziwa, likalowesha kidevu chake. Alitafuna mbele ya watu wote, wanawake na wanaume ambao zamani aliwaandika majina, na Mimi alikuwa anautazama mdomo wake bila kupepesa. Alipomaliza, Eugénie alivunja la pili, akampa Martine. La tatu alimpa Joëlle. Martine alikula haraka. Joëlle alilia kidogo, akala.

“Muzuri,” Eugénie alisema. Alitafuta jiwe lililokauka, akaketi, akampakata mtoto. “Sasa tungoje.”

“Paka saa ngapi, mama?” Georges aliuliza.

“Huyu mutoto alianza kutoka jasho kisha ya masaa mabili. Tungoje masaa matatu.”

Wakaketi. Majirani nao wakaketi, wengine juu ya reli, na mwanaume mmoja mwenye saa ya mkononi akataja ni saa ngapi, ili baadaye kusiwe na ubishi. Jua lilipanda. Baada ya muda mabua ya juu yakaanza kutikisika. Kundi lilikuwa limeshuka, na sauti ya maganda yakichanwa ilisikika hadi chini. Georges alishika sufuria, akaanza kuinuka.

“Ikala,” Eugénie alisema. “Nataka kukuona.”

Aliketi. Huko juu bua moja lilivunjika, kisha jingine, na Joëlle, aliyekuwa ameegemea bega la mama yake, akaanza kuhesabu mistari ya nusu yao kwa sauti ndogo.